Wimbo Usiokatika Pumzi: Kuwaelewa Wadong wa Kusini mwa China

Ukiwasikiliza Wadong wakiimba kwa mara ya kwanza, sikio litahangaika na swali moja: hawa watu wanapumua saa ngapi? Waimbaji kumi na zaidi wamekaa bega kwa bega. Hakuna ala, hakuna anayeongoza kwa mkono, na chini ya wimbo kuna sauti moja nzito inayokwenda bila kukatika, kama mto unaopita nyuma ya nyumba. Juu yake sauti ya mmoja au wawili inapanda, inacheza, inateremka, kisha inarudi kujificha ndani ya ile nzito. Siri yake ni nyepesi kuieleza na ngumu kuitenda. Kila mwimbaji wa sauti ya chini anavuta pumzi kwa wakati wake, kimyakimya, wakati jirani yake bado ameishikilia noti. Mmoja akiacha, wengine wamebeba. Pumzi fupifupi za watu wengi zinaungana kuwa pumzi moja ndefu ambayo hakuna kifua cha mtu mmoja kingeweza kuitoa.

Nimeanza na hilo kwa sababu makala nyingi kuhusu Wadong huvipanga vitu vyao kama bidhaa za dukani: huku minara, kule madaraja, hapa nyimbo, pale nguo za nili. Msomaji anamaliza akiwa na picha nzuri kichwani, lakini hajui kwa nini watu haohao, katika mabonde hayohayo, ndio waliopata vyote hivyo kwa pamoja. Mimi naona vimefungwa kamba moja. Ukiuvuta wimbo, mnara unatikisika; ukiuvuta mnara, jaruba la mpunga linakuja nao.

Jina, lugha na mahali

Wadong wanaishi pale mikoa mitatu ya China inapokutana: Guizhou, Hunan na Guangxi. Ni nchi ya milima yenye misitu na mito midogo inayojipinda katikati. Sensa ya 2020 iliwahesabu karibu milioni 3.5. "Dong" ni jina la Kichina, na halina uhusiano wowote na sarafu ya Vietnam inayotamkwa karibu sawa. Wenyewe hujiita Kam.

Ukikuta jina hilo limeandikwa Gaeml, usishangae. Tahajia ya lugha yao, iliyotengenezwa mwaka 1958 kwa herufi za Kilatini, huitumia herufi ya mwisho ya neno kuonyesha toni, yaani kimo cha sauti, na herufi hiyo haitamkwi. Ile "l" ya mwisho inakuambia tu kwamba neno lisemwe juu. Ndivyo ilivyo hata kwa al laox, jina la ule uimbaji niliouanza nao: al ni wimbo, laox ni kubwa, na hizo "l" na "x" ni alama za toni. Lahaja ya Rongjiang, iliyochaguliwa kuwa msingi wa maandishi, huhesabiwa kuwa na toni tisa. Ni lugha ya ukoo mmoja na Kithai na Kizhuang, ingawa imekaa karne nyingi pembeni mwa Kichina na kukopa humo maneno mengi.

Hapa pana fundo la kwanza la kufungua. Wadong wa kaskazini na Wadong wa kusini hawaishi sawa. Kaskazini, karibu na njia za zamani za biashara ya mbao, watu walichanganyika mapema na Wachina wa Han. Lahaja yao ni nyingine, na minara ya ngoma kwao ni nadra. Vijiji vya picha maarufu viko kusini, katika wilaya kama Liping, Congjiang na Rongjiang za Guizhou, Sanjiang ya Guangxi na Tongdao ya Hunan. Hata huko kusini, Wimbo Mkuu, yaani al laox, una eneo lake, hasa vijiji vya Liping, Congjiang na Rongjiang. Kwa hiyo anayesema "Wadong huimba hivi" anazungumzia sehemu tu ya kabila. Kuna Mdong wa kaskazini ambaye al laox kaisikia kwenye televisheni, kama mimi.

Mnara kabla ya nyumba

Wadong wa kusini husema kijiji huanza na mnara, nyumba hufuata. Mnara wa ngoma ni jengo refu la mbao lenye paa juu ya paa, ngazi kwa ngazi kwenda mbinguni, na ukiutazama kwa mbali unafanana na mberoshi, mti ambao ndio uliojengea karibu kila kitu chao. Idadi ya ngazi za paa huwa witiri: saba, tisa, kumi na moja, kumi na tatu. Pande za jengo huwa shufwa: nne, sita au nane. Ndani, nguzo nne nene zinapanda katikati. Wenyeji huziita misimu minne ya mwaka, na nguzo kumi na mbili zinazozizunguka ni miezi. Katikati ya sakafu pana shimo la moto, na kando yake mabenchi ya magogo yaliyong'arishwa na miaka ya kukaliwa.

Mgeni huudhani hekalu. Sivyo. Mnara ni baraza. Wazee hukaa humo kutwa wakati wa baridi wakivuta tumbaku, kesi za mipaka na ndoa huamuliwa humo, wageni hupokelewa humo. Ngoma yenyewe, gogo lililotobolewa na kuwambwa ngozi ya ng'ombe, huning'inia juu na ilipigwa kwa dharura tu: moto, uvamizi, mkutano wa kijiji kizima. Mnara wa Zengchong, wilayani Congjiang, ulijengwa 1672. Una pande nane na ngazi kumi na tatu za paa, na bado watu wanakaa chini yake jioni.

Jambo ambalo picha haiwezi kuonyesha ni kwamba mnara ni wa ukoo. Kijiji kikubwa cha Zhaoxing, wilayani Liping, kina minara mitano kwa sababu kina koo tano. Kwa nje karibu wote wanatumia jina moja la Lu. Kwa ndani kila ukoo una mnara wake, jukwaa lake na daraja lake, na minara hiyo imepewa majina ya fadhila tano za Kikonfusio: utu, haki, adabu, hekima na uaminifu. Yote mitano ilibomolewa wakati wa Mapinduzi ya Utamaduni, kampeni ya Mao ya 1966 hadi 1976 dhidi ya mambo ya kale. Ilijengwa upya mwanzoni mwa miaka ya 1980, kila ukoo ukichanga mbao na nguvu zake. Kitu cha kwanza walichokirudisha walipopata nafasi kilikuwa baraza, na mimi nadhani hilo linawaeleza kuliko takwimu yoyote.

Fundi mkuu anayesimamisha mnara hana ramani ya karatasi. Ana ufito mrefu wa mwanzi uliopasuliwa katikati, na juu yake ameweka alama kwa wino: urefu wa kila nguzo, mahali pa kila tundu, kimo cha kila boriti. Alama zenyewe ni za mafundi, na asiyefunzwa hawezi kuzisoma. Kwa ufito huo mmoja, vipande mamia vinachongwa chini, kimoja kimoja, ulimi wa huku na tundu la kule, bila msumari. Siku ya kusimamisha, fremu nzima hunyanyuliwa kwa kamba na mikono ya wanakijiji, na ulimi huingia kwenye tundu lake. Ukikosea sentimita moja kwenye mwanzi, kosa linajirudia juu hadi kileleni, na watu wote wapo wanatazama.

Ufundi huohuo ndio unaotoa madaraja ya upepo na mvua, yenye paa na mabenchi, ambapo mtu hujikinga, hupumzika, huuza mboga. Daraja la Chengyang huko Sanjiang lilianza kujengwa 1912 kwa michango ya vijiji vya jirani, nalo lina vibanda vitano vya paa juu ya nguzo za mawe. Mwaka 1983 mafuriko yalilibomoa kwa sehemu, likarekebishwa.

Na mbao zinatoka wapi? Zinapandwa. Desturi ya zamani ni kwamba mtoto akizaliwa, wazazi hupanda miberoshi. Akifika umri wa miaka kumi na minane, miti iko tayari kwa ndoa na nyumba yake. Biashara ya mbao kwenye Mto Qingshui ilikuwa kubwa sana enzi za Ming na Qing, nasaba mbili za mwisho za kifalme za China, na familia za bonde hilo zimehifadhi makumi ya maelfu ya mikataba ya mashamba na misitu: nani kapanda, nani katunza, nani atapata nini mti ukikatwa.

Nasisitiza mikataba hiyo kwa sababu ya usemi mmoja unaorudiwa mno, kwamba Wadong ni "watu wasio na maandishi". Hawakuwa na maandishi ya lugha yao wenyewe kabla ya 1958, ni kweli. Lakini walipohitaji karatasi waliitumia, kwa herufi za Kichina, na kwa umakini mkubwa. Mti unaokatwa baada ya miongo miwili uliandikiwa mkataba. Historia, sheria na mapenzi yalikabidhiwa sauti. Huo ulikuwa uchaguzi, nao una busara yake: mkataba unamhusu muuzaji na mnunuzi, wimbo unamhusu kila mtu.

Sheria inayosomwa kwa mdomo

Kwa karne nyingi mabonde haya hayakuwa na mfalme wala chifu mkubwa. Vijiji vilifungamana kwa kiapo kiitwacho kuan. Vijiji vichache vya karibu vilifanya kuan ndogo. Kuan ndogo kadhaa ziliungana kuwa kubwa. Wakati wa mkutano watu walijaa uwanjani, msemaji akapanda mahali palipoinuka na kuighani sheria kutoka kichwani, kwa mistari inayokwenda kwa vina na urari, huku umati ukiitikia kwamba ndivyo. Makosa yaligawanywa kuwa mazito na mepesi: kuiba ng'ombe, kuiba samaki wa mtu, kuvunja ukingo wa maji, kuchafua makaburi, kuunguza kijiji. Aliyesababisha moto aliweza kufukuzwa akaishi nje ya kijiji kwa muda.

Mtu aliyezoea sheria za vitabu huona hapa udhaifu. Sheria ya kukariri si itasahaulika? Lakini fikiria inavyofanya kazi. Imewekwa kwenye mizani na vina, kwa hiyo neno likibadilishwa, masikio yanashtuka. Inasemwa mbele ya wote, kwa hiyo hakuna atakayejitetea kwamba hakuijua. Na aliyeitikia ameapa.

Juu ya kiapo hicho yupo Sa, Bibi. Ni mlinzi wa kijiji, mama wa mama zetu kwa namna wanavyomtaja, na katika simulizi nyingi alikuwa mwanamke shujaa aliyekufa akiwapigania watu wake. Madhabahu yake ni kichuguu cha mviringo cha mawe na udongo, mara nyingi chenye mti wa kijani juu yake na mwavuli uliofunguliwa nusu. Kabla ya sherehe kubwa au safari ya kwenda kuimba kijiji kingine, watu hupita kwake kwanza.

Kwa nini wimbo unahitaji wageni

Sasa tumefika mahali ambapo naamini watu wengi hupotea. Al laox husifiwa kama muziki mzuri wa sauti nyingi, nao ni mzuri kweli; wapo walioamini kwamba China haina uimbaji wa aina hiyo mpaka watafiti walipoanza kuuandika miaka ya 1950. Mwaka 1986 wasichana wa Guizhou waliuimba Paris, na 2009 UNESCO iliuingiza katika orodha ya urithi wa binadamu. Lakini nyumbani kwake huu ulikuwa mfumo wa kuunganisha koo, na bila mfumo huo huwezi kuelewa kwa nini umekaa ulivyokaa.

Mtoto hujiunga na kikundi cha waimbaji akiwa na miaka mitano au sita, pamoja na watoto wa ukoo wake, wa rika lake, wa jinsia yake. Mwalimu wa nyimbo, mwanamume au mwanamke mwenye kumbukumbu kubwa na heshima kubwa zaidi, huwakusanya usiku nyumbani kwake na kuwafunza mstari kwa mstari. Kwa desturi halipwi. Wale wasichana wataimba pamoja hadi waolewe. Wanajua pumzi za wenzao kama wanavyojua hatua zao gizani. Ndiyo maana noti haikatiki: wamekaa pamoja miaka kumi kabla ya kuimba mbele yako.

Hawaimbi wenyewe kwa wenyewe. Kikundi cha wasichana wa ukoo huu hukabiliana na kikundi cha wavulana wa ukoo mwingine au kijiji kingine. Wageni wakifika langoni hukuta njia imezibwa kwa matawi, mianzi na vitu vya nyumbani, na wasichana wamesimama nyuma yake wakiuliza kwa wimbo: mmetoka wapi, mnataka nini, mbona kijiji chetu kina mwiko leo? Wageni sharti wajibu kwa wimbo, hoja kwa hoja, na kila jibu zuri huondoa kizuizi kimoja. Kisha wanaingia mnarani, wanakaa upande huu na upande ule wa moto, na nyimbo zinajibizana hata kunakucha. Nyingine zinasimulia hadithi ndefu, nyingine zinafunza adabu kwa wazazi, nyingine ni za mapenzi. Zinazopendwa sana zinaiga sauti za dunia yao: maji, ndege, na nyenze, yule mdudu wa mitini anayelia wakati wa joto. Mara ya kwanza kuusikia wimbo wa nyenze kwenye rekodi niliurudisha mara tatu kutafuta ni wapi sauti za watu zilipogeuka kuwa msitu, na sikupata mahali pa kuweka kidole.

"Wali hulisha mwili, wimbo hulisha moyo," husema wenyewe. Methali hiyo hunukuliwa kila mahali kama pambo. Ichukue kwa uzito wake: inaweka wimbo kwenye bajeti ya nyumba, pamoja na chakula. Mtu asiyejua nyimbo hakuwa na la kusema mbele ya wakwe.

Maana uchumba nao ulipita humohumo. Jioni wasichana walikaa nyumba moja wakisokota pamba na kushona, wavulana wakaja na gambusi lao au kifidla kiitwacho "mguu wa ng'ombe" kwa umbo lake, na mazungumzo yakawa ya kuimbwa kwa sauti ndogo. Sehemu nyingi bibi harusi hakuhamia kwa mume mara tu baada ya harusi. Alirudi kwao, akawa anakwenda siku za kazi na sikukuu, hadi alipopata mimba ndipo akahamia kabisa.

Jaruba lenye mpunga, samaki na bata

Wageni wanaokesha lazima wale, na hapa kamba inatupeleka shambani. Chakula cha heshima cha Mdong ni wali wa mchele unaonata. Hupikwa kwa mvuke, hushikwa kwa mkono na kufinyangwa tonge, na ukiubeba mlimani unakaa kutwa bila kuharibika. Mpunga huo ni mrefu, unavumilia maji ya kina, ya baridi na yenye kivuli cha msitu, kwa hiyo majaruba hushikilia maji karibu mwaka mzima.

Maji yanapokaa mwaka mzima, yanaweza kufuga. Baada ya miche kupandikizwa, vifaranga vya samaki humwagwa ndani. Samaki wakishakua kiasi cha kutomezeka, bata huachiliwa nao. Samaki hula magugu machanga na wadudu walioanguka majini. Bata huparua udongo na kumaliza konokono. Kinyesi cha wote ni mbolea. Hesabu yake ni ya kalenda kali: ukiwaingiza bata mapema wanakula samaki, ukiwachelewesha magugu yanakushinda. Jaruba moja linatoa wali, samaki na nyama bila shamba la ziada, katika nchi ambayo ardhi tambarare ni chache kama meno ya kuku. Mwaka 2011 FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, iliutambua mfumo huo wa Congjiang kuwa miongoni mwa urithi wa kilimo wa dunia.

Wakati wa mavuno mpunga unaonata haufyekwi kwa mundu. Hukatwa suke kwa suke, kwa kisu kidogo kinachofichwa kiganjani, kisha masuke hufungwa mafungu na kutundikwa kwenye fremu ndefu za mbao pembezoni mwa kijiji, ukuta mzima wa dhahabu ukikauka juani. Ni kazi ya kuchosha, na kwa miongo kadhaa serikali iliwahimiza wakulima wahamie mpunga wa kawaida unaozaa zaidi. Wengi walihama. Waliobaki na mpunga wao walibaki kwa sababu ambayo mizani ya ghala haiioni: wali wa kawaida haufinyangiki tonge, hauwekwi kwenye zawadi ya harusi, hauchachishi samaki.

Samaki wa kuchachisha ndio fahari ya nyumba. Hupasuliwa, hutiwa chumvi, pilipili na wali unaonata, hupangwa kwenye pipa la mbao na kushindiliwa kwa mawe, na hukaa miezi au miaka. Hufunguliwa kwa ajili ya wageni, harusi na misiba. Wachina husema Mdong haachani na uchachu, na wanaosema hivyo kwa kucheka hawajawahi kuwa na milima kati yao na chumvi.

Kijiji cha Zhanli, wilayani Congjiang, kiliipeleka mbali zaidi hesabu hii ya ardhi na midomo. Tangu enzi za Qing, watu wake waliapa mnarani kwamba kila ndoa itazaa watoto wawili, wasizidi, kwa sababu bonde lao lilikuwa na uwezo wa kulisha idadi fulani tu. Kiapo hicho kilikuwepo kabla ya serikali yoyote kufikiria sera ya uzazi, na kilishikwa kwa nyimbo kama kilivyoshikwa kwa faini.

Kitambaa kinachong'aa

Nitakaa kidogo kwenye nguo, kwa kuwa hapa kazi ya mikono ya wanawake inaonekana kwa karibu kuliko mahali pengine. Pamba husokotwa na kufumwa nyumbani, nyembamba, upana wa kiwiliwili. Majani ya nili hulowekwa mpaka yaoze, huchanganywa na chokaa, na tope la buluu linalotuama chini ndilo rangi. Pipa la rangi hulishwa maji ya majivu na pombe ya mchele, na mwenye pipa huliangalia kila siku kama mtu anayelea mgonjwa, kwa harufu na kwa povu lake, maana nili ikifa haipaki tena.

Kitambaa huzamishwa, husuuzwa, huanikwa, huzamishwa tena, siku nyingi mfululizo. Kisha hupakwa gundi ya ngozi ya ng'ombe na ute wa yai, hukunjwa na kuwekwa juu ya jiwe laini, na hapo huanza kupigwa kwa nyundo ya mti. Msimu huo kijiji kizima kinadunda, nyumba hii ikijibu ile. Kinachotoka ni kitambaa cheusi cha zambarau chenye mng'ao wa shaba, kigumu kidogo, kinacholia kikikunjwa. Hakifuliwi hovyo, kwa sababu mng'ao huondoka na maji. Na mikono ya aliyekitengeneza inabaki ya buluu hadi kwenye kucha, akikupa chai ya kukaangwa kwa mafuta, yenye bisi za mchele na karanga, unaiona.

Barabara, moto na uwanja wa mpira

Treni ya kasi kati ya Guiyang na Guangzhou ilianza tarehe 26 Desemba 2014, ikapitisha reli katikati ya nchi ya Wadong. Safari iliyokula karibu siku nzima ikawa ya takriban saa nne. Watalii walikuja kwa treni hiyo, na vijana waliondoka kwa treni hiyohiyo kwenda viwanda vya Guangdong, ingawa wengi walikuwa wameshaondoka kwa basi zamani. Kikundi cha wasichana wa rika moja hakiwezi kukaa pamoja miaka kumi kama nusu yao wako Guangdong wakiunganisha vipuri vya simu kiwandani. Hapo ndipo wimbo unapoumia, kwenye ile pumzi ya kupokezana.

Jukwaa limeziba sehemu ya pengo. Katika vijiji vya utalii al laox huimbwa kila siku kwa muda uliopimwa, dakika chache kila wimbo, wanaume na wanawake mstari mmoja, bila wageni wa kujibu. Sitawabeza wanaofanya hivyo. Utalii unawalipia ada za watoto, na msichana anayeimba kwa mshahara bado anaimba. Shule za eneo hilo pia zimeingiza nyimbo madarasani, na watoto ambao bibi zao hawakuwa na nafasi ya kuwafunza wanajifunza kwa mwalimu mwenye chaki. Ila wimbo wa jukwaani unajua kuanza na kuisha. Ule wa mnarani ulijua kusubiri jibu.

Ajabu ni kwamba jibu limejitokeza mahali pasipotarajiwa. Mei 2023, wilaya ya Rongjiang ilianzisha ligi ya mpira wa miguu ya vijiji, timu ishirini, wachezaji wakiwa wakulima, mafundi na wauza samaki, na zawadi zikiwa ng'ombe, mbuzi na nguruwe. Uwanja ulijaa mpaka watu wakakaa milimani, na China nzima ikaangalia kwa simu. Kila kijiji kilikuja na watu wake, wamevaa kile kitambaa cheusi kinachong'aa, wamebeba wali na samaki wa kuchacha wa kuwagawia wageni, na wakati wa mapumziko wakaingia uwanjani kuimba, Wadong na makabila jirani ya Wamiao na Washui, kila mmoja akimjibu mwenzake. Kijiji kinakwenda kwa kijiji kingine, kinashindana, kinalishwa, kinaimbiwa. Wazee wa mnarani wangeutambua utaratibu huo mara moja, hata kama mpira ungewashangaza.

Kinachotisha kuliko treni ni moto. Nyumba za mbao zimesongamana mlimani, nguzo kwa nguzo, ng'ombe na kuni chini, watu juu, jiko katikati. Usiku wa tarehe 25 Januari 2014, kijiji cha Baojing kiliteketea, zaidi ya nyumba 100 katika usiku mmoja. Ndiyo maana katika vijiji vingi maghala ya mpunga hujengwa mbali na nyumba, juu ya nguzo zilizosimama katikati ya bwawa: panya hawafiki, na cheche zikiruka zinaangukia majini. Familia inaweza kupoteza paa lake na isipoteze mbegu.

Na maji nayo huchukua. Julai 2004 mafuriko yaliliondoa Daraja la Maua la Diping, huko Liping, daraja la mbao lililojengwa mara ya kwanza karne ya 19. Wanakijiji walikimbia kandokando ya mto wakiyafuata magogo, na waliokuwa chini zaidi, hadi upande wa Guangxi, wakayavuta nchi kavu kila walipoyaona yakipita. Waliyatambua, kwa sababu kila boriti ilikuwa na matundu yake, yaliyochongwa kwa kipimo cha mwanzi, na hakuna boriti nyingine duniani ambayo ingeingia pale. Magogo yalirudishwa juu ya mto, na daraja likajengwa tena, ndimi za zamani zikiingia kwenye matundu yake.

Jioni, katika baadhi ya vijiji hivyo, mtu bado hupita vichochoroni na gongo mkononi. Analigonga, anasimama, anaita kwa sauti ya kuvuta: angalieni moto, zimeni majiko, angalieni watoto. Ndani ya nyumba mtu anainuka na kwenda kufunika makaa.